One ya 14 na four ya 28: kwa nini si kila namba inakubali kugawanywa

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kundi la WhatsApp la ukoo wetu huchangamka kuliko wiki ya harusi. Mwaka mmoja baba mdogo alitangaza kwamba mwanawe kapata one ya 14. Mtoto wa shangazi alikuwa na four ya 28. Baba mdogo hakuishia kwenye pongezi, akaweka na hesabu: "28 gawanya kwa 14, jibu 2. Maana yake wangu kamzidi mwenzake mara mbili kamili." Shangazi alijibu kwa sauti ya dakika tatu. Kisha nikatajwa mimi, niliyesoma takwimu kidogo chuoni, niseme nani mkweli.

Nilikaa kimya. Jibu lisingeenea kwenye ujumbe mmoja, halafu shangazi ndiye aliyenilea.

Kwa wasomaji walio nje ya Tanzania: one ya 14 ni Divisheni ya Kwanza yenye jumla ya pointi 14, na kwenye mtihani huu pointi chache ndizo bora. Kwamba 28 kwa 14 ni 2, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwingine: je, namba za aina hiyo zinakubali kugawanywa? Zipo namba ambazo ukizigawanya unapata jibu lenye maana, zipo ambazo unapata jibu tupu, na kwa macho zote zinafanana. Namba 14 haina chapa usoni ya kukuonyesha kama imetoka kwenye mzani, kwenye saa, kwenye jezi au kwenye cheti.

Kupima maana yake nini

Mtaani tukisema kupima tunawaza mzani, futi kamba na kibaba. Wanatakwimu wana maana pana zaidi: kupima ni kukipa kitu namba kwa kufuata kanuni fulani. Kwa maana hiyo, mdadisi anayezunguka na dodoso akiandika 1 kwa mwanamume na 2 kwa mwanamke amepima. Mwalimu anayeandika "wa 3 kati ya 52" kwenye ripoti ya mtoto amepima. Muuguzi anayesoma kipimajoto amepima. Muuza nyama naye amepima. Wote wanne wametoa namba, ila kila mmoja alifuata kanuni yake, na kanuni hiyo ndiyo inayoamua baadaye unaruhusiwa kufanya nini na namba yenyewe.

Mgawanyo unaofundishwa hadi leo ulitolewa mwaka 1946 na S. S. Stevens, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika jarida la Science. Kabla yake, kamati ya wanasayansi wa Uingereza ilikuwa imebishana miaka saba juu ya swali la kama hisia za binadamu, mathalani ukubwa wa sauti jinsi mtu anavyousikia, zinapimika au hazipimiki. Wanafizikia walivutia kwao, wanasaikolojia kwao. Stevens akasema wanagombana kwa sababu kila upande unadhani kupima ni kwa namna moja tu. Yeye akataja namna nne. Vyuoni wanaziita nominali, odinali, intavali na reshio. Hapa nitaziita kipimo cha majina, cha nafasi, cha vipindi sawa na cha uwiano. Zimekaa kama ngazi: kila ukipanda kidato kimoja, namba inakuruhusu jambo moja zaidi, na yale ya vidato vya chini unabaki nayo.

Namba iliyo jina tu

Kaunti za Kenya zina namba. Mombasa ni 001, Kwale 002, Kilifi 003, hadi Nairobi inayofunga orodha kwa 047. Sijakutana na Mkenya anayeamini kwamba Nairobi ni Mombasa 47, wala kwamba ukijumlisha Kwale na Kilifi unapata Lamu, ingawa Lamu ni 005 na 2 na 3 ni 5. Namba hizo zinafanya kazi ya jina, yaani kutenganisha hii na ile. Namba ya simu ni hivyo hivyo, na ya jezi, na ya kitambulisho. Leo ukiamua kuzibadilisha zote, mradi kila kaunti ipate yake na zisigongane, hakuna kitakachoharibika zaidi ya karatasi za serikali.

Namba za kidato hiki zinajibu swali moja: hivi viwili ni sawa au si sawa? Kutokana na hilo unaweza kuhesabu wangapi wako kundi gani, ukapata asilimia zao, na ukasema kundi lipi lina wengi. Hilo lenye wengi ndilo linaloitwa modi. Zaidi ya hapo unalazimisha.

Na kulazimisha ni rahisi, kwa sababu kompyuta haikatai. Niliwahi kupewa ripoti ya utafiti mdogo niinyooshe Kiswahili chake. Kwenye jedwali moja, mstari wa hali ya ndoa, palikuwa pameandikwa: wastani 2.3. Nikarudi kwenye dodoso. Asiyeoa au kuolewa alipewa 1, aliye kwenye ndoa 2, aliyeachika 3, aliyefiwa na mwenzi 4. Kwa hiyo mkazi wa kawaida wa kata ile alikuwa kwenye ndoa na ameshaachika kwa asilimia thelathini. Aliyeandaa ripoti hakuwa mjinga. Alichagua safu zote kwa mkupuo, akabonyeza wastani, na Excel ikatii. Excel haijui kwamba 3 ni talaka.

Nani mbele, bila kusema kwa kiasi gani

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi utepe, akavunja rekodi ya dunia kwa 3:32.16. John Walker wa New Zealand alimaliza kwa 3:32.52. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu kwa 3:33.16.

Ukiandika nafasi tu unapata 1, 2, 3, na macho yanakuambia pengo ni lile lile. Saa inasema vingine: kati ya Bayi na Walker ni sekunde 0.36, kati ya Walker na Jipcho ni 0.64, karibu mara mbili. Tena Walker, pamoja na kushindwa, alikuwa amekimbia chini ya rekodi iliyokuwapo kabla ya mbio zile. "Wa pili" haikuambii hilo. Nafasi imetunza nani kamtangulia nani, mengine yote imeyatupa.

Hicho ndicho kipimo cha nafasi. Vyeo vya jeshi ni vya aina hii, na nafasi kwenye msimamo wa ligi, na nyota za hoteli, na yule mtoto wa 3 kati ya 52. Unaweza kusema yupi juu na yupi chini. Unaweza pia kuwapanga wote kwenye mstari ukamchukua aliyesimama katikati. Namba yake inaitwa mediani, na hapa ni halali kabisa. Pengo kati ya mmoja na mwenzake ndilo hujui.

Sasa turudi kwa baba mdogo. Baraza la Mitihani, NECTA, kwa utaratibu unaotumika sasa kidato cha nne, linageuza alama za kila somo kuwa herufi. Kuanzia 75 hadi 100 ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, chini ya hapo F. A inahesabiwa pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, pointi zinajumlishwa: 7 hadi 17 ni one, 18 hadi 21 two, 22 hadi 25 three, 26 hadi 33 four, na 34 au 35 ni ziro.

Angalia upana wa vyumba hivi. B ina alama 10 tu, C ina 20, A ina 26. Kutoka chumba hadi chumba pointi inaongezeka moja, hata kama chumba kimoja ni ukumbi na kingine ni stoo.

Chukua wanafunzi wanne wa kubuni. Wa kwanza, tumwite Asha, kapata 65 katika kila somo la masomo yake saba. Jumla 455, B saba, pointi 14, one. Wa pili, Juma, kapata 64 kila somo. Jumla 448, C saba, pointi 21, two. Wa tatu, Neema, kapata 45 kila somo. Jumla 315, C saba, pointi 21, two. Kati ya Asha na Juma kuna alama saba tu kwa mtihani mzima, na pointi zinawatenga wakae divisheni mbili tofauti. Kati ya Juma na Neema kuna alama 133, na pointi zinasema hawa ni sawa.

Wa nne, Baraka, ana 100 kwenye hisabati na 64 kwenye sita nyingine. Jumla 484. Kwa alama amewazidi wote, hata Asha. Lakini pointi zake ni 1 na 18, jumla 19, two. Yaani mara tu tulipochukua herufi, ambazo ni nafasi, tukazijumlisha kana kwamba ni kilo, hata swali la nani mbele likaanza kutetereka.

Sisemi NECTA wamekosea. Lazima mstari ukatwe mahali ili watu wapangiwe shule na vyuo, na popote utakapoukata atakuwapo Juma wa kulalamika. Ninachosema ni kwamba mstari wa kuchagulia watu haukutengenezwa kwa ajili ya kugawanya mmoja kwa mwingine.

Hata ile ziro inayowafanya watoto wajifungie chumbani si sifuri ya hesabu. Mwanafunzi mwenye D moja na F sita ana pointi 34, kwa hiyo ni ziro, ingawa kuna somo amefaulu. Ziro pale ni jina la chumba cha mwisho. Kingeweza kuitwa tano.

Na mwelekeo wa namba ni makubaliano. Kenya, kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, A ni pointi 12 na E ni 1, kwa hiyo mzazi wa Nairobi akisikia 28 ni nzuri kuliko 14 hashangai. Hesabu ya baba mdogo ikivuka mpaka pale Namanga inageuka miguu juu.

Kabla hatujatoka kidato hiki, neno moja kuhusu nyota. Nyumba ya wageni yenye wastani wa nyota 3 kwenye mtandao utaidhani ni ya kawaida. Inawezekana watu kumi waliitathmini, watano wakatoa 5, watano wakatoa 1: chumba cha mbele kina upepo wa bahari, cha nyuma kimepakana na jenereta. Hakuna hata mgeni mmoja aliyeiona ya kawaida. Mimi siku hizi wastani wa nyota siusomi, nafungua nione wangapi walitoa ngapi.

Saa ya Waswahili

Kidato cha tatu cha ngazi yetu ndicho kinachowasumbua wanafunzi zaidi, na ajabu ni kwamba msemaji wa Kiswahili anakibeba mkononi kila siku.

Simu yangu asubuhi inaandika 8:00, mimi nasema saa mbili. Ikiandika 10:00, nasema saa nne. Tumezoea kuongeza na kutoa sita bila kufikiri. Swali: saa nne ni mara mbili ya saa mbili? Kwa hesabu yetu 4 kwa 2 ni 2. Kwa hesabu ya simu, 10 kwa 8 ni 1.25. Wakati ni ule ule, jua liko pale pale, lakini "mara ngapi" imebadilika kwa kubadili tu mtindo wa kusoma. Jibu linalobadilika kwa sababu hiyo halikuwa jibu la kitu chochote cha kweli.

Sasa jaribu pengo. Kutoka saa mbili hadi saa nne ni saa mbili. Kutoka 8:00 hadi 10:00 ni saa mbili. Pengo limesalimika. Hicho ndicho kipimo cha vipindi sawa: hatua zote zina urefu mmoja, hivyo kujumlisha mapengo, kuyatoa na kupata wastani kunakubalika, lakini sifuri yake imewekwa kwa mapatano. Sisi tumeiweka jua linapochomoza, na karibu na ikweta hilo halisogei sana mwaka mzima, kwa hiyo inatufaa. Waethiopia nao wanahesabu hivyo hivyo. Wengine wameiweka usiku wa manane. Hakuna aliyeiweka mahali ambapo wakati wenyewe haupo.

Kiswahili kinatutega hapa kwa neno moja. "Saa nne" inaweza kuwa mahali kwenye siku, na inaweza kuwa urefu wa muda. Mtu akikuambia "nililala saa nne", hujui aliingia kitandani saa nne usiku au alipata usingizi wa saa nne tu. Saa ya kwanza ni ya vipindi sawa, huwezi kuigawanya. Ya pili ni ya uwiano, na aliyelala saa nane amelala mara mbili ya aliyelala saa nne, iwe kwa saa ya Tanga au ya London. Nadhani ndiyo sababu watu wengi wanang'ang'ania "masaa" kwa urefu wa muda, pamoja na walimu wa Kiswahili kuwakata maksi. Kisarufi wamekosea, kitakwimu wana hoja.

Nyuzi za joto nazo ziko hapa. Mtu akisema "Dar ina nyuzi 30, Njombe 15, kwa hiyo Dar kuna joto mara mbili", mwombe ageuze kuwa Fahrenheit. Atapata 86 na 59, na mara mbili yake imekuwa mara moja na nusu kasoro. Mwombe tena ageuze kuwa Kelvin, kipimo ambacho sifuri yake ni kikomo halisi cha ubaridi, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Atapata kama 303 na 288. Dar imeizidi Njombe kwa takriban asilimia 5, ingawa sweta hailijui hilo.

Anders Celsius mwenyewe, Mswidi aliyependekeza kipimo hicho mwaka 1742, alikiweka kichwa chini: maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Alifariki mwaka 1744, na kikageuzwa baada ya hapo. Kama kingebaki alivyokiacha, tungekuwa tunasoma joto jinsi NECTA wanavyosoma pointi.

Sifuri ya kweli

Kidato cha juu hakina maneno mengi, kwa sababu ndicho tunachoishi nacho sokoni. Mzani mtupu unasoma sifuri na kweli hakuna nyama juu yake. Kilo nne ni mara mbili ya kilo mbili. Geuza kuwa ratili: takriban 8.8 na 4.4, bado mara mbili. Umri, umbali, bei na idadi ya watu ni vya aina hii. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Hapa gawanya uwezavyo: 1.37, yaani ongezeko la kama asilimia 37, na hakuna atakayekushika shati.

Ila kuna vitu vinavyovaa nguo za uwiano. Alama za mtihani ni mfano. Mwenye 60 ana alama mara mbili ya mwenye 30, sawa, lakini hatujui kama anajua hisabati mara mbili. Aliyepata 0 pengo lake ni kwenye maswali yale ya siku ile. Ukimtuma dukani chenji yako inarudi kamili.

Kisha kuna namba-jina zinazojificha ndani ya safu ya uwiano. Dodoso nyingi huandika 99 kwa asiyejibu. Tuseme umeuliza kaya 200 zina watoto wangapi, kaya 184 zikajibu kwa wastani wa watoto 4, na 16 zikakataa, ukaandika 99 kwa kila moja. Ukisahau kuziondoa, wastani wako unatoka watoto 11.6 kwa kaya. Angalau kosa hilo linapiga kelele. Ungeuliza umri wa wazee, 99 ingepita kimya kimya.

Kushuka ngazi ni rahisi, kupanda haiwezekani. Ukimuuliza mtu kipato chake kwa shilingi unaweza baadaye kumweka kwenye kundi la chini, la kati au la juu. Ukimuuliza kundi tu, shilingi zimeshapotea na hakuna hesabu ya kuzirudisha. Wanaoandaa dodoso haraka haraka huligundua hili siku ya kuandika ripoti.

Namba zenye kanuni yake

Zipo namba ambazo hatua zake zinafuata kanuni, ila si ya kujumlisha. Tarehe 10 Septemba 2016 Kagera ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Wengi wakisikia mahali pengine pametokea la 6.9 wanawaza limezidi kidogo, kama moja ya sita. Kwenye vipimo hivi, tulivyozoea kuviita vya Richter, hatua moja ni kuzidisha: mtikisiko unaoandikwa na mashine unakuwa mkubwa mara 10, na nishati inayotoka takriban mara 32. La 6.9 ni sawa na kufungulia matetemeko kama lile la Bukoba zaidi ya thelathini kwa mpigo. Na tetemeko la ukubwa wa 0 lipo, ni dogo tu. Yapo hata ya chini ya sifuri.

Kwa hiyo, namba yoyote mpya ikinijia, mimi huiuliza kwa mpangilio huu: inanionyesha tofauti tu? Inanionyesha nani mbele? Hatua zake ni sawa? Sifuri yake inamaanisha hakuna? Pale inapojibu hapana, nasimama hapo.

Nimesikia watu wakihitimisha kwamba kipimo cha uwiano basi ndicho bora na cha majina ni cha kimaskini. Siyo. Dini, lugha ya nyumbani na chama anachokipigia mtu kura ni mambo ya majina kwa asili yake. Ukiyapa nafasi au uwiano umeongeza uongo. Kipimo kinamfuata anayepimwa.

Wala wanatakwimu wenyewe hawajakubaliana na Stevens mia kwa mia. Mwaka 1953 mwenzake Frederic Lord aliandika kisa cha dhihaka: profesa mmoja anauza namba za jezi kwa mashine, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanalalamika kwamba wamepewa namba ndogo ndogo na wenzao wanawacheka. Anaitwa mtaalamu, anachukua wastani wa zile namba za jezi, anapima kama zinaweza kuwa zimetoka kwa bahati nasibu ya haki. Profesa anapinga kwamba namba za jezi hazina wastani. Mtaalamu anamjibu kwamba namba hazijui zimetoka wapi. Na kwa swali lile, yaani mashine imependelea au haikupendelea, wastani ulifaa kweli. Hoja ya Lord inanipa tabu hadi leo, na nadhani inapaswa kutupa tabu: kinachoamua ni swali unalouliza, pamoja na jinsi namba ilivyozaliwa.

Ugomvi huo unaendelea kwenye dodoso za "nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa", mtindo alioanzisha Rensis Likert mwaka 1932. Majibu yanapewa 5 hadi 1. Wakali wanasema hizo ni nafasi, chukua mediani. Walio wengi wanajumlisha maswali kumi hivi ya jambo moja na kutoa wastani wa jumla, na mara nyingi wanafika salama. Mimi niko na hao wa pili, kwa masharti: maswali yawe mengi, na ripoti ionyeshe pia wangapi walijibu nini. Wastani wa swali moja peke yake, 3.42, ukitangazwa na desimali zake kama bei ya dhahabu, siupokei.

Kwenye kundi la ukoo nilikuja kuandika siku ya tatu. Nikasema one ya 14 iko juu ya four ya 28, hongera kwa mwenye nayo, ila "mara mbili" haipo. Tuchukulie kila mtoto alipata herufi moja masomo yote saba, mmoja B tupu, mwingine D tupu. Wa B ana alama kati ya 455 na 518, wa D kati ya 210 na 308. Kamzidi mara moja na nusu, au mara mbili na nusu, au popote katikati. NECTA wanatoa herufi, alama zenyewe hawatoi, kwa hiyo humu kundini hakuna anayejua.

Baba mdogo akauliza kama kuna namna ya kuziomba. Shangazi akatuma sauti nyingine, ya dakika nne.